Kelele za Magari Jijini Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu kelele za vyombo vya usafiri peke yake: malori, mabasi, magari madogo, pikipiki na bajaji, na kwa uchache treni na ndege. Muziki wa baa, spika za matangazo na mikesha vina taratibu zake na havikuguswa hapa, ingawa anayeishi jirani navyo anaweza kunufaika na majibu ya sehemu ya nyumba. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kelele inapimwaje?

Kelele ni sauti ambayo anayeisikia hakuitaka, na nguvu yake hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo za unga. Magari mawili yanayotoa desibeli 70 kila moja, yakiwa pamoja hayatoi 140 bali 73, kwa sababu kila zinapoongezeka desibeli tatu, nishati ya sauti imekuwa maradufu. Sikio nalo lina hesabu yake, kwani watu wengi husema sauti imeongezeka mara mbili pale tu kipimo kinapopanda kwa desibeli kumi hivi. Kwa hiyo barabara ikipunguziwa nusu ya magari yake, kipimo kitashuka kwa desibeli tatu, na mkazi atakayesema haoni nafuu kubwa hatakuwa mkorofi.

Kwa makadirio, chumba kilichotulia usiku huwa na desibeli 30 hivi, mazungumzo ya watu wawili ni kama 60, na kando ya barabara kuu inayopita malori ni kati ya 70 na 80.

2. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango gani?

Miongozo yake ya mwaka 2018 inapendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa saa 24, na 45 kwa usiku, zikipimwa nje ya nyumba. Wastani huo wa saa 24 si wa kawaida: kelele za jioni huongezewa desibeli tano na za usiku desibeli kumi kabla ya kukokotoa, kwa kuwa lori linalopita saa nane usiku humuumiza mtu kuliko lile linalopita saa nane mchana. Miongozo ya zamani zaidi, ya mwaka 1999, ilitaja desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala na 35 ndani ya darasa.

Miongozo ya 2018 iliandikwa kwa ajili ya Ulaya, na wapo wanaoitumia hoja hiyo kuiweka kando. Moyo wa mkazi wa Chang'ombe, hata hivyo, haufanyi kazi tofauti na wa mkazi wa Berlin. Kinachotofautiana ni nyumba, na kwa upande huo sisi ndio tulio wazi zaidi kwa kelele (tazama swali la 9).

3. Dodoma si Dar es Salaam. Kuna tatizo kweli?

Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watu lilianza pale Serikali ilipohamia kwa vitendo kuanzia mwaka 2016. Mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta wakazi zaidi ya 765,000 katika eneo la jiji. Barabara kuu mbili zinakutana hapa: ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Singida, inayobeba pia mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na ile ya kutoka Iringa kwenda Arusha kupitia Kondoa. Tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani nayo yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, jambo lililowafaa wasafiri na wafanyabiashara, ila limepunguza saa za utulivu kwa waliojenga kando ya njia.

Mtu anayelala mita ishirini kutoka barabara ya Singida pale Kizota hapati nafuu yoyote kwa kuwa jiji lake ni dogo. Kwake, kelele ni ya barabara ile moja.

4. Kelele ya gari inatoka wapi hasa?

Inatoka kwenye injini na ekzosi, na inatoka kwenye matairi yanaposuguana na lami. Gari dogo likishavuka kilometa 40 kwa saa hivi, matairi ndiyo yanayosikika kuliko injini. Kwa lori, injini huendelea kutawala hadi mwendo mkubwa zaidi, na lori moja hutoa kelele inayokaribia ya magari madogo kumi. Pikipiki ni injini na ekzosi tu, na ndiyo maana pikipiki moja iliyotolewa sailensa huamsha mtaa mzima wakati magari kumi hayajaamsha mtu.

Katikati ya mji, kuanzia Majengo hadi Sabasaba, honi ni chanzo kinachojitegemea. Daladala hupiga honi kuita abiria, bajaji hupiga kuomba njia, bodaboda hupiga kusalimiana. Hii ndiyo kelele pekee katika orodha yote ambayo ingeweza kupungua kesho asubuhi bila gharama, na pengine ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko zote kuiondoa.

## Afya

5. Nimeshazoea, sisikii hata malori yakipita. Bado naathirika?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na jibu lake ni ndiyo. Kuzoea ni jambo la kweli, lakini ni la upande mmoja. Baada ya majuma kadhaa katika nyumba iliyo kando ya barabara, mtu haamki tena kila lori linapopita na asubuhi hakumbuki kitu. Mwili wake unakumbuka. Sikio halifungi usiku. Sauti huingia na kufika kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na tahadhari, mapigo ya moyo hupanda kwa muda, mishipa ya damu hubana, na homoni za mfadhaiko kama adrenalini na kotisoli humwagika kwenye damu. Watafiti waliopima mawimbi ya ubongo ya watu waliolala wameona jinsi gari linavyopita na mlalaji akapanda kutoka usingizi mzito kwenda mwepesi bila kufumbua macho. Jambo hilo likitokea mara nyingi kila usiku, mtu hulala kwa muda wa saa nane na kuamka kama aliyelala kwa saa tano.

Kinachovunja usingizi si wastani wa kelele bali kilele chake. Miongozo ya mwaka 1999 ilitahadharisha dhidi ya sauti zinazofikia desibeli 45 ndani ya chumba, hata zikiwa za sekunde chache. Sikiliza lori tupu likivuka tuta saa tisa usiku: breki za upepo zinapumua, bodi inagonga fremu, minyororo inalia, kimya kifupi, kisha dereva anabadili gia na injini inanguruma hadi mwisho wa mtaa. Hivyo ni vilele vinne au vitano katika nusu dakika, lakini ukivigawanya kwa saa nane za usiku, wastani hautikisiki sana.

Anayedai kuwa amezoea na ajikumbushe usiku wake wa kwanza kijijini, Mpwapwa au Kondoa, alipokwenda likizo au msibani, na jinsi alivyoamka asubuhi yake.

6. Kelele inasababisha magonjwa gani?

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa ya damu kuziba. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa, kuanzia desibeli 53 kwenda juu, hatari hiyo huongezeka kwa takriban asilimia nane kwa kila desibeli kumi zinazoongezeka. Kwa mtu mmoja, asilimia nane ni kidogo na haifikii madhara ya tumbaku. Uzito wake unatokana na wingi wa watu wanaoishi kando ya barabara. Ndiyo maana tathmini ya mwaka 2011 ilifikia hesabu ya angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya inayopotea kila mwaka katika Ulaya ya magharibi kwa sababu ya kelele za magari, sehemu kubwa ikitokana na usingizi uliovurugwa na kero ya kila siku.

Shinikizo la damu, kiharusi na kisukari navyo vimehusishwa na kelele, ila kwa ushahidi usio na nguvu sawa. Mtu mwenye presha asiache dawa zake kwa matumaini kuwa kuhama barabarani kutamponya.

7. Je, kelele za barabarani huua masikio?

Kwa mkazi wa kawaida, la. Wastani wa desibeli 70 kwa saa 24 hauchukuliwi kuwa tishio kwa usikivu, na wengi wetu tuko chini ya hapo tukiwa ndani. Wenye haki ya kuwa na wasiwasi ni wale ambao barabara ndiyo ofisi yao: askari wa usalama barabarani, makonda, wapiga debe wa stendi, na bodaboda waendao mwendo mkali, ambao masikio yao hupigwa na upepo kuliko hata injini. Kwa kazi ya saa nane, desibeli 85 ndio mpaka unaotumika sana duniani, na sikio linalovuma baada ya kazi ni dalili ya kwenda hospitali, si ya kusubiri Jumapili ipite.

8. Shule ya watoto wetu iko kando ya barabara. Tuwe na wasiwasi?

Ndiyo, na hapa ushahidi una historia ndefu. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alichapisha uchunguzi wa shule moja ya New York iliyokuwa pembeni mwa reli ya juu. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma, wengine hadi kwa mwaka mzima, wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Baadaye reli ikawekewa mpira na madarasa yakawekewa dari ya kufyonza sauti, na tofauti ile ikatoweka. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Barcelona uliofuatilia watoto 2,680 katika shule 38, na ukaonyesha kuwa uwezo wa kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi ulikua polepole zaidi katika shule zenye kelele nyingi za magari.

La kuzingatia ni kuwa jengo ni lilelile, walimu ni walewale, na upande mmoja wa korido unatosha kuleta tofauti. Kamati ya shule isiyo na fedha ya kujenga ukuta bado inaweza kupeleka madarasa ya awali na la kwanza, ambako watoto wanajifunza kusoma kwa kusikia silabi, upande wa nyuma, na kuacha stoo na ofisi zielekee barabara.

## Nyumba na kiwanja

9. Ukuta wangu ni wa tofali. Kwa nini nasikia kila kitu?

Kwa sababu sauti haipiti kwenye tofali. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta huzuia zaidi ya desibeli 40; dirisha lililofunguliwa kidogo huzuia kati ya 10 na 15 tu. Mwezi wa Oktoba na Novemba, joto la Dodoma linapomlazimu kila mtu kulala na madirisha wazi yenye nyavu za mbu peke yake, tofali hilo linakuwa pambo. Hapo hatujataja bati lisilo na dari na mianya ya upepo iliyoachwa chini ya kenchi.

Jaribio rahisi ni hili: usiku, zima taa za chumbani, mtu asimame nje na kumulika tochi kwenye dirisha, mlango na maungio ya paa. Panapopenya mwanga, sauti inapenya pia. Kuziba mianya hiyo kwa mpira wa madirisha na kuweka dari ni kazi ya fundi wa mtaani, na huleta nafuu kuliko kubandika trei za mayai ukutani, ambazo hupunguza mwangwi wa ndani lakini hazizuii sauti itokayo nje. Mapazia mazito ni hivyohivyo. Ila nafuu kubwa kuliko zote haina gharama: hamishia kitanda kwenye chumba cha nyuma, sebule na jiko vibaki mbele.

10. Je, fensi itasaidia?

Itasaidia ikikata mstari wa macho kati ya dirisha na injini. Ukuta unaoanza kuficha gari hupunguza kama desibeli tano, na kila mita inayoongezeka juu ya hapo huleta moja na nusu hivi. Lazima uwe mzima. Tofali za matundu, geti la nondo na fensi ya michongoma ni kama hakuna kitu. Anayelala ghorofani naye asitegemee fensi ya chini.

11. Na miti?

Kwa kelele, msaada wake ni mdogo sana. Mstari mmoja wa miarobaini hauzuii chochote kinachopimika. Ungehitaji msitu mnene wa makumi ya mita. Watu wasioliona gari husumbuka kidogo kuliko wanaoliona, na kivuli na vumbi vinatosha kuwa sababu ya kupanda, lakini mtu asipande mti mmoja akadhani amejenga ukuta.

12. Nanunua kiwanja. Nikae mbali kiasi gani na barabara kuu?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mikoa, na wengi huichukulia mita hiyo ya 31 kuwa mahali pa kuanzia msingi. Hifadhi hiyo iliwekwa kwa ajili ya barabara na upanuzi wake, haikuwekwa kwa ajili ya usingizi. Katika eneo la wazi, kila umbali kutoka barabara yenye magari mengi unapokuwa maradufu, kelele hushuka kwa desibeli tatu hivi. Panapopimwa 75 kwenye mita 10, kwenye mita 30 patakuwa 70, na kwenye mita 120 bado ni 64. Hesabu hii inavunja moyo, na ndiyo maana safu ya kwanza ya majengo inafaa iwe ya maduka, maghala na gereji, kwani hizo ndizo fensi za bure za walio nyuma yake.

Dodoma bado ina nafasi ya kupanga hivyo, hasa kuelekea Ihumwa, Nala na Veyula. Mnunuzi asiende kukagua kiwanja Jumamosi mchana tu akiwa na dalali. Arudi siku ya kazi saa nne usiku, na kama anaweza, saa kumi alfajiri.

13. Kwa nini usiku barabara inasikika kama imesogea?

Si mawazo yako tu. Mchana ardhi yenye joto hupasha hewa ya chini, na sauti hupinda kwenda juu. Usiku wa kiangazi, chini ya anga letu lisilo na mawingu, ardhi hupoa haraka, hewa baridi hulala chini na ya joto hubaki juu yake, nayo sauti hupinda kurudi chini. Malori ya mbali hapo husikika vizuri. Upepo nao una upande: wetu huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo nyumba iliyo magharibi mwa barabara hupokea zaidi.

## Barabara na sheria

14. Tuliomba matuta ili kupunguza ajali, sasa hatulali. Tufanye nini?

Tuta likiwa mtaani, ambako hupita magari madogo, kwa kawaida hupunguza kelele kwa kuwa linapunguza mwendo. Likiwa kwenye barabara ya malori, huzaa ile hali iliyoelezwa katika swali la 5, na rasta, yaani vituta vidogo vya mfululizo, ni mbaya zaidi, kwa sababu zimetengenezwa makusudi zipige kelele ili dereva ashtuke. Hakuna anayepaswa kuomba tuta la mbele ya shule liondolewe. Linaloweza kuombwa kwa TANROADS, au kwa TARURA kama ni barabara ya mtaa, ni kuhamisha rasta mbali na nyumba na kusimamia kwa dhati kikomo cha kilometa 50 kwa saa maeneo ya makazi. Brussels ilishusha mwendo hadi kilometa 30 katika mitaa yake mingi Januari 2021, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu.

15. Barabara ya mzunguko itamaliza tatizo?

Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilometa 112 hivi, inakusudiwa kuyaepusha malori yasiyo na shughuli mjini. Kwa kuwa lori moja ni sawa na magari kumi, nafuu ya usiku kwa wakazi wa katikati inaweza kuwa kubwa kuliko idadi ya magari yatakayoondoka. Bodaboda, daladala na honi vitabaki. Ikiwa viwanja vya makazi vitagawiwa hadi ukingoni mwa barabara hiyo, malalamiko yatakuwa yamehamishwa tu.

16. Sheria ipo? Nimlalamikie nani?

Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo mama, na kanuni zake za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo zinatofautisha mchana na usiku, na makazi na viwanda. Ekzosi iliyotobolewa au kutolewa sailensa ni suala la Polisi wa usalama barabarani. Kijiwe cha bodaboda, gereji bubu au stendi isiyo rasmi huanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha afisa mazingira wa Jiji, na yakishindikana huko, mamlaka ya mazingira ya taifa, ambayo ina ofisi hapa Dodoma.

Ugumu uko kwingine: sheria inamshika mwenye baa kwa urahisi kwa sababu ana jina na leseni, lakini kelele ya barabara ni ya watu elfu moja, kila mmoja akiwa amepita mara moja.

17. Naweza kupima kwa simu?

Kama makadirio, ndiyo. Kama ushahidi, hapana. Programu za simu hutofautiana kwa desibeli kadhaa. Ukipima, iweke simu mbali na ukuta, usiishike mdomoni mwa upepo, na upime kwa dakika 15 au zaidi. Daftari la tarehe, saa na chanzo cha kelele kwa wiki mbili humsaidia afisa kuliko picha moja ya skrini yenye namba ya kutisha.

## Hali zisizo za kawaida

18. Ving'ora vya misafara navyo vinahesabiwa?

King'ora cha gari la wagonjwa au zimamoto hakina mbadala. Misafara ya viongozi ni sehemu ya maisha ya makao makuu, hasa Bunge linapoketi. Kiafya, kelele ya mchana inayopita mara chache ina uzito mdogo kuliko malori ya kila usiku, hata kama inaudhi zaidi.

19. Treni ya umeme na ndege je?

Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, haina muungurumo wa dizeli. Kinachosikika ni magurudumu kwenye reli, hewa inayokatwa na honi. Watu huivumilia treni kuliko ndege kwa kipimo kilekile, ndiyo maana pendekezo la usiku ni desibeli 44 kwa reli na 40 kwa ndege. Kwa wanaoishi jirani na uwanja wa ndege wa mjini, nafuu inategemea safari kuhamia uwanja mpya wa Msalato.

20. Pikipiki za umeme zitatuletea kimya?

Kwa pikipiki tofauti ni kubwa, kwa kuwa karibu kelele yake yote ni injini na ekzosi (swali la 4). Kwa gari dogo la umeme faida iko kwenye mwendo mdogo tu. Likikimbia, matairi yanalia vilevile. Kimya hicho kina hatari yake kwa asiyeona na kwa mtoto anayevuka kwa kutegemea masikio, na Umoja wa Ulaya umelazimisha magari mapya ya umeme kutoa sauti ya tahadhari yakiwa chini ya kilometa 20 kwa saa. Dereva wa bodaboda ya umeme anayeingia mtaani na asogee taratibu, na honi yake aitumie hapo.